Upande wa Kulia

Simu ilitetemeka juu ya rundo la vitunguu, Jumanne, saa nne.
Murhula, kitinda mimba wa mama yangu, katuma dola mia mbili
kutoka mji ambao jua lake, anasema, ni pambo tu.

Nikafungua daftari la shule la Nabintu.
Upande wa kushoto: mia mbili.
Upande wa kulia nikauacha wazi, maana naujua,
hauna haya, haushibi.

Wa kwanza, kijana wa kubadilisha pesa pale Essence.
Kaziinua noti juani moja moja, kama daktari na picha ya kifua.
"Hii ina kidonda pembeni. Hii imezeeka, sura haipendwi tena."
Mbili akazipokea kwa bei ya mgonjwa.

Wa pili, pikipiki hadi Kadutu, kwa ajili ya matope.

Wa tatu, shangazi M'Cizungu. Usiku uleule alikuwa ameota
(sijui ndoto zake zinatumia mtandao gani)
kwamba bati la nyumba yake linalia.

Wa nne alikuja na kitambulisho shingoni.
"Mama, Leta imesikia unaletewa pesa."
Kwetu serikali inaitwa hivyo, Leta,
jina ambalo lenyewe ni amri.
Leta isiyosikia bomba letu likikohoa tangu Pasaka
imesikia simu ikitetemeka juu ya vitunguu!

Sikumpa. Nilivaa kikwembe cha ndoa
nikashuka mwenyewe ofisini na daftari kwapani.
Nikauliza: pesa ya ndugu ni zawadi, au ni mapato?
Wa dirisha la kwanza: "Mapato ni kila kinachoingia."
Basi na mvua inayoingia kwangu, nikasema, njooni muihesabu.
Wa dirisha la pili: "Zawadi haina neno, mama. Rudi nyumbani."
Wa tatu akatazama saa yake.
"Inategemea. Nunua fomu."

Nikainunua.
Jina la mtoaji. Uhusiano. Sababu ya kutoa.

Sababu.
Usiku ule wa risasi nilimbeba mgongoni kushuka Cimpunda,
yeye miaka minne, mimi kumi na mmoja,
akaniuma bega ili asilie.
Meno yake bado yako hapa, chini ya kamba ya sidiria,
manne juu, matatu chini.
Hiyo ni zawadi, au ni deni linalolipwa polepole?
Mstari waliouacha ulikuwa mfupi kuliko kidole changu.
Nikaandika: ndugu.

Jioni akapiga. Anaosha wazee wa watu, zamu ya usiku.
"Huku, dada, wanakata kabla sijaigusa.
Ya barabara, ya hospitali, ya pensheni ya hao ninaowaosha."
Nikamuuliza kama inamuuma.
Akanyamaza kidogo.
"Bomba la huku halikohoi," alisema.

Mwezi uliofuata binti wa mchungaji alikuwa anasafiri.
Nikamfungia Murhula kilo moja ya sambaza,
nilizokausha mwenyewe kwenye ungo, siku tatu nikifukuza paka,
karatasi tatu, mifuko miwili, na bado zilinuka ziwa.
Kule uwanja wa ndege wamemwita aende kuzichukua.
Wamefungua, wamerudi nyuma hatua moja,
wamempa karatasi: thamani ya mzigo?

"Ukajibu nini?"
"Nimeandika sifuri, dada. Zikapita bila kulipiwa!"
Alicheka mpaka akakohoa.

Siku mbili sikupokea simu yake.

Ya tatu nikafungua daftari, nikanoa kalamu ya Nabintu kwa kisu cha vitunguu.
Upande wa kulia, chini ya pikipiki, bati na fomu:
sambaza, kilo moja, sifuri.
Nikajumlisha. Haikukubali.
Nikajumlisha tena kuanzia chini.
Mteja akauliza bei ya fungu,
nikamtajia bila kuinua kichwa.